Ushahidi Ulionunuliwa
Mwaka 1967 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliandika kwamba mafuta ndiyo adui wa moyo, wakaipunguzia sukari lawama. Hawakutaja dola 6,500 walizolipwa na taasisi ya wenye viwanda vya sukari; siri hiyo ilifichuliwa mwaka 2016. Hilo twaliita kosa dhidi ya amri ya nane. Sukari ya soda ikizidi hunenepesha mwili, nayo hugeuzwa mafuta ndani ya ini, hata asiyeonja pombe akawa na ini kama la mlevi. Nasi mapadre, tunaokemea pombe mimbarini, twabariki kreti za soda kwenye sherehe za Kipaimara! Twadai kila mtafiti wa lishe atangaze nani amemlipa, kabla hajatuambia tule nini.