Mshirika Asiyefika Sokoni



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii natuzungumze suala nililoletewa na mama mmoja wa Majengo, Pumwani, baada ya darasa la akina mama. Bintiye anasomea biashara chuoni. Mwalimu aliwagawa wanafunzi watano watano, kila kundi liendeshe biashara ndogo kwa mwezi mmoja, kisha liandike ripoti. Alama ni moja kwa wote.

Vijana hao walichanga shilingi 600 kila mmoja, zikawa 3,000. Wakanunua mitumba ya watoto Gikomba, wakaifua, wakaipiga pasi, wakaiuza mitaani. Baada ya gharama zote mtaji ulirudi, na juu yake faida ya shilingi 800. Lakini mmoja wao, mvulana, hakuonekana sokoni hata siku moja. Binti akamuuliza mamake: "Jina lake nilitie katika ripoti?" Mama akajibu: "Litie, mwanangu, usijitafutie uadui." Usiku usingizi ukamruka, ndipo akanijia.

Nilimwambia: Mama, hapa pana mambo mawili, tusiyachanganye. La kwanza ni mali. Katika madhehebu yetu ya Shafii, faida ya washirika hufuata mtaji. Kijana yule alitoa 600 kama wenzake, na lau biashara ingeanguka angepoteza kama wao. Basi shilingi 160 ni haki yake, na kumnyima kwa hasira ni dhulma.

La pili ni alama. Alama si faida ya mtaji; ni ushahidi kwamba fulani amefanya kazi fulani. Kumwandika kuwa aliuza ilhali hakuuza ni ushahidi wa uongo, na Mtume (S.A.W.) aliuhesabu miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Kesho ataajiriwa kwa cheti hicho na kukabidhiwa mali za watu. Huruma ya namna hiyo haimfai yeye wala hao watakaomwamini.

Hata hivyo, kabla ya kuandika lolote, nilimtaka binti aulize: Je, mwenzenu mlimwuliza sababu? Hawakuwa wamemwuliza. Walipomwendea, wakakuta kwamba kila alasiri hufanya kazi dukani Eastleigh ili alipe karo, na saa za kuuza walizipanga wao wanne bila yeye. Naye alikosa kwa kunyamaza. Wakamkabidhi daftari la hesabu, akalipanga usiku kwa usiku. Ripoti ikasema kweli: wanne waliuza, mmoja alifanya hesabu mwishoni.

Tazameni, ndugu zangu, fitina ile ilitoka wapi. Hawakuandika mapatano tangu mwanzo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Vipi sisi tuone haya kuandikiana kazi? Mtume (S.A.W.), kabla ya utume, alisafiri Sham kwa mali ya Bibi Khadija (R.A.). Mmoja alitoa mali, mwingine akatoa jasho, na kila mmoja alijua lake.

Kwa walimu, nasaha yangu ni kwamba kazi za makundi ni njema, kwani biashara haijifunzwi kwa kukariri. Ila itengwe alama ya kundi na alama ya kila mtu, na kila mwanafunzi asimame aeleze alichokifanya.

Nanyi akina mama, mtoto akirudi na kazi ya kundi, msimwulize tu, "Mmepata ngapi?" Mwulizeni, "Wewe ulifanya nini, na mwenzako yuko wapi?" Swali la kwanza hupima akili yake. La pili hupima amana yake, nayo ndiyo itakayomfuata hadi dukani, ofisini na mbele ya Mola wake.

Wabillahi tawfiq.