Mwana Akitaka Kusoma Elimu ya Nafsi



Kila yatokapo matokeo ya kidato cha nne na vijana wakaanza kuchagua masomo ya chuo kikuu, hutufikia swali moja kutoka kwa wazazi, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini. Binti ametaka saikolojia. Je, si elimu ya kumtoa mtu katika dini hiyo? Na baada ya miaka minne, atakula nini?

Maswali haya ni ya haki, wala hatuwalaumu wenye kuyauliza. Lakini tumeona nyumba ambamo mwana alikatazwa kabla ya yeyote kuuliza ni nini hasa kinachosomwa huko.

Jina lisituogofye. Waarabu huiita ilmu-n-nafs, na katika Kiswahili wapo wanaosema elimunafsia. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hafundishwi kubashiri yaliyomo vifuani mwa watu. Wengi hushangaa kukuta takwimu: namna ya kupima, namna ya kuuliza swali lisilomtia mtu jibu kinywani, namna ya kujua kama tofauti baina ya makundi mawili ni ya kweli au imetokea kwa bahati tu. Kisha huja ubongo, makuzi ya mtoto, kumbukumbu, maradhi ya akili na maadili ya kutunza siri.

Tuichukue kumbukumbu, maana hiyo sisi watu wa chuoni (chuo cha Qur'ani, si chuo kikuu) twaijua kwa fimbo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu mwaka 1885 cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akawa anazihifadhi kwa mafungu, kisha akijipima amesahau kiasi gani. Aliona kwamba zaidi ya nusu ya faida ya kuhifadhi hupotea katika saa ya kwanza, na baada ya hapo usahaulifu hupunguza mwendo. Akaona pia kwamba kurudia fungu mara 38 zilizogawanywa kwa siku tatu kulimfaa sawa na kulirudia mara 68 kwa mkao mmoja. Ni nani asiyeiona hapa murajaa ya mahafidhi? Walimu wetu walilijua jambo hili bila takwimu. Ndiyo maana darasa la jana lilisomwa kabla ya la leo. Ila yeye alipima, na kwa kupima kwake twajua kwamba mtoto aliyesahau alasiri alichokihifadhi asubuhi hakufanya ukaidi. Ni viboko vingapi vingeokolewa!

Au tutazame malezi. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akawa anawatembelea majumbani mwao kina mama 26 wa vijiji vya karibu na Kampala, pamoja na watoto wao 28. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake huzitambua ishara zake na kumwitikia hutulia kwake, na utulivu huo ndio humpa ujasiri wa kutambaa kwenda mbali. Uchunguzi huo ni miongoni mwa misingi ya somo linalofundishwa leo ulimwenguni. Basi si yote yaliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya.

Ama dini, hatutaficha. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1927, aliihesabu dini kuwa njozi, na mwana atakutana naye darasani. Marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan aliwaonya wanasaikolojia Waislamu wasiwafuate wa Magharibi hadi ndani ya shimo la kenge. Wasomao Hadithi watautambua mfano huo. Hakuwaambia waiache fani. Yeye mwenyewe aliifundisha na kutibu watu kwayo. Ndiye pia aliyekitafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Abu Zayd al-Balkhi kuhusu afya ya nafsi. Al-Balkhi alifariki mwaka 934, karne tisa kabla Freud hajazaliwa, naye alikuwa amekwisha kutofautisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile isiyo na sababu ijulikanayo, na akaeleza kwamba matibabu yake si mamoja.

Tofauti hiyo twaihitaji hapa pwani. Hatukanushi majini, na ruqya ina mahali pake. Tunachokikataa ni kijana asikiaye sauti kuzungushwa kwa waganga miezi mingi, leo kuku, kesho ubani, ilhali hospitali ipo. Na mama aliyejifungua juzi, halali wala hataki kumtazama mtoto, atamweleza nani? Atamfungulia kifua mwanamke mwenziwe ajuaye lugha yake na stara yake. Wanawake hao tunao wachache mno, nasi ndio tunaowakataza mabinti.

Lakini tusimdanganye mwana juu ya riziki. Shahada ya kwanza haimfanyi mtu kuwa tabibu. Daktari wa maradhi ya akili, mwenye kuandika dawa, husomea udaktari kwanza. Atakaye kutibu kwa mazungumzo ataendelea kusoma, aghalabu hadi uzamili, na kufanya kazi chini ya usimamizi wa waliomtangulia. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, nayo yataka wasajiliwe.

Basi kabla ya kujaza fomu, mzazi na aketi na binti yake waulizane. Ana subira ya miaka sita au saba? Hesabu anaipenda au anaikimbia? Je, wasaa wa karo upo hata baada ya shahada ya kwanza? Na akiambiwa siri ya jirani yake mchana, ataweza kurudi nayo nyumbani, akala chakula cha usiku pamoja na sisi, na asiitoe?