Tairi Lilikuwa Limelala, Msiniambie Habari za Riziki

Mwishoni mwa Julai hapa Sakina kuna asubuhi ambazo Meru hauonekani kabisa, na vijana wa bodaboda wanakaa kijiweni wamevaa makoti mawili mawili. Asubuhi moja ya namna hiyo nilimkuta kijana wa mtaani kwetu amekaa mbele ya bakuli la supu ya makongoro, hajaligusa. Chapati imeanza kukakamaa pembeni. Kijana huyu ni traka. Anawasomea nyayo wageni wanaokuja kuwinda. Alikuwa amerudi usiku kutoka kitalu cha uwindaji, upande wa Longido, na vumbi bado lilikuwa kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huli?"

Akaeleza. Kwa siku tisa yeye na mgeni wake walimfuata tandala mdogo, dume mzee, aliyekuwa akishinda kwenye kichaka kinene cha migunga karibu na korongo. Alimjua tangu msimu uliopita: kwato ya mguu wa mbele wa kushoto ilikuwa imemeguka ncha, na unyayo wake ulisomeka hata penye changarawe. Mara mbili waliona mgongo tu, ile mistari myeupe ikipotea majanini. Mara moja upepo uliwageuka. Siku ya tisa jioni wakajua hasa atavukia wapi alfajiri. Siku ya kumi wakachelewa kutoka kambini, na gari la pili la kambi hiyohiyo, lenye mgeni mwingine aliyekuwa akienda kukagua chambo cha chui, likatangulia. Wakamkuta tandala amesimama ukingoni mwa korongo, jua ndiyo kwanza linachomoza. Wakashuka, wakanyata, risasi moja. Huyo mgeni wa pili hata hakuwa na hamu ya tandala. Alimtaka chui.

Wao walichelewa kwa nini? Tairi la nyuma lilikuwa limelala. Lilichomwa na mwiba tangu jioni iliyotangulia, kila mtu kambini aliliona, na kila mtu akadhani mwenzake ataliziba.

Sasa sikilizeni meza ilivyomjibu. Wa bodaboda: "Dogo, hakuwa riziki yako. Angekuwa riziki yako, hata angekimbilia Kenya angerudi." Watu wakacheka. Dalali wa viwanja akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri: "Au yule mwenzako kakuchukulia nyota." Mama wa supu akafunga mjadala: "Mshukuru Mungu, mwanangu, umerudi mzima." Kijana akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwenye kule kukubali.

Hakuna imani iliyoenea nchini kwetu kuliko hii, kwamba kilicho chako hakiendi kwa mwingine. Tunaisema kwa aliyekosa kazi, kwa binti aliyeachwa wiki moja kabla ya harusi, kwa aliyepokwa kiwanja na mwenye fedha taslimu. Inasemwa haraka, bila kufikiri, kama mtu anavyosema "pole" huku anatafuta chenji mfukoni. Nasema ni uongo. Tena si uongo mtamu kama unavyodhaniwa, maana humwacha aliyepoteza akiwa amepoteza mara ya pili.

Fikiri unachomwambia traka huyu. Ikiwa tandala hakuwa wake tangu mwanzo, basi zile siku tisa zilikuwa za bure. Kuitambua kwato iliyomeguka, kulala kifudifudi kwenye miiba saa nzima mgeni akikohoa nyuma yake, kukisia kivuko na kukipatia, yote hayo hayakuwa na uzito wowote, kwa kuwa jibu lilishaandikwa. Hapo umemnyang'anya kitu pekee alichorudi nacho kutoka porini, yaani kujua kwamba aliifanya kazi yake sawasawa. Na tairi je? Tairi halitajwi tena. Limefunikwa shuka na kupewa jina la Mungu.

Nitaambiwa napigana na dini. Hapana. Anayeamini kwamba riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu sina ugomvi naye, lakini mbedui aliyemwacha ngamia bila kumfunga aliambiwa na Mtume amfunge kwanza, kisha ndiyo amtegemee Mungu. Hakuambiwa kwamba ngamia akipotea basi hakuwa wake. Msemo wetu wa mezani unaruka hatua ya kamba. Ni ndugu wa karibu wa yule sungura wa kitabu cha shule ya msingi, aliyerukia ndizi mpaka akachoka, kisha akajigamba kwamba hata hivyo ni mbichi. Tofauti ni kwamba sungura alijidanganya mwenyewe; sisi tunamdanganya mwenzetu, tena mbele ya supu yake.

Watetezi wa msemo wana hoja moja ambayo siwezi kuipita hivi hivi: kwamba bila maneno haya watu wangechukiana, kwamba ni afadhali kulaumu majaaliwa kuliko kumlaumu mwenzako. Ingekuwa kweli, ningeweka kalamu chini. Lakini angalieni nani alizungumza wa pili pale mezani. Dalali na nyota yake. Maneno yale mawili yametoka tumbo moja. Ukishaamini kwamba kila mnyama ana mwenyewe kabla hajapigwa, basi siku mnyama "wako" anapokwenda kwa mwingine una njia mbili tu: ama hakuwa wako kamwe, au umeibiwa. Asubuhi unasema hakuwa riziki, jioni unaulizia mganga wa kurudisha nyota. Nimeona ndugu wamenuniana miaka kwa ajili ya nyota ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Ukweli wa kitalu ni mkavu zaidi, na kwangu unafariji zaidi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo yule tandala, mpaka risasi inamfikia, alikuwa wa mama wa supu sawa na alivyokuwa wa mgeni aliyepanda ndege kumfuata. Mgao wa kitalu huandikwa aina ya mnyama na idadi. Hakuna anayeandika jina la mtu kwenye pembe. "Tandala wangu" ni lugha ya mapenzi. Tunaielewa, hata mimi nimeitumia kwa mengi, ila haimpi mtu hati.

Wahadzabe wa bonde la Yaeda na pembeni mwa Ziwa Eyasi wamekwenda mbele zaidi. Kwao, mtu akimwangusha mnyama mkubwa, bado hana mamlaka ya kuamua nani ale na nani asile. Nyama ikifika kambini ni ya kambi, na kuna sehemu zilizotengwa kwa ajili ya wanaume waliokwisha kutambuliwa kuwa watu wazima, awe ndiye aliyepiga mshale au siye. Sisemi tuhamie Yaeda. Nasema tu kwamba aliyemkosa mnyama pale hukaa kwenye moto uleule na kula nyama ileile, na uchungu wake una mahali laini pa kuangukia. Huku kwetu pembe huishia kwenye ukuta mmoja, na tipu huishia kwenye bahasha moja. Tusijifanye hatujui: mgeni aliyepata alichokifuata mkono wake hulegea siku ya kuondoka, na aliyekosa humwachia traka bahasha nyembamba. Uchungu wa kijana wangu ulikuwa na hesabu ndani yake. Kuna ada ya shule ndani yake.

Kisa mashuhuri kuliko vyote cha mwindaji kupitwa na mwenzake kilitokea hukuhuku Kaskazini. Desemba 1933 mwandishi Ernest Hemingway aliingia Tanganyika kuwinda akiwa na mkewe Pauline na rafiki yake wa Key West, Charles Thompson, wakiongozwa na mwindaji Philip Percival. Alimtaka tandala mkubwa kuliko alivyotaka chakula. Kitabu alichokiandika baadaye, *Green Hills of Africa*, kilichotoka 1935, kinaanza na mwindaji amejificha karibu na chumvi wanyama wanakoramba, giza linakaribia, na mara lori linapita likinguruma na kuharibu kila kitu. Lori, jamani. Sawa na tairi letu. Baada ya kuhangaika sana, siku za mwisho kabisa, akapata tandala wawili jioni moja, akarudi kambini amejaa furaha. Akakuta rafiki yake, ambaye kitabuni anaitwa Karl, keshaleta kichwa kinachovifunika vyake vyote. Na haikuwa mara ya kwanza. Kwa kifaru ilikuwa hivyohivyo.

Simpendi sana Hemingway wa kitabu kile. Anajisifu, na namna anavyowatazama watu waliombebea bunduki inakera. Lakini alifanya jambo moja ambalo meza yetu ya supu haikuweza: alikiri wivu. Hakusema pembe zile hazikuwa fungu lake, wala hakusema Karl alikwenda kwa mganga. Aliandika kwamba furaha yake iliharibika kwa kuwa mwenzake kapata kikubwa zaidi, akachapisha, na huyo mwenzake alikuwa hai wa kuyasoma. Mtu anayeweza kusema "naona wivu" anaweza kesho yake kuzitazama pembe za mwenzake na kuona kwamba ni nzuri. Anayesema "hakuwa riziki yangu" hazitazami. Anageuza uso.

Kuna na kisa kingine, kizito zaidi ya pembe za ukutani. Ukiondoka hapa Sakina kwa barabara ya Namanga na kuipita Longido, ardhi inashuka kuelekea Amboseli, na tembo huvuka mpaka bila pasipoti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sisi tuliusimamisha mwaka 1973, tukaurudisha mwaka 1978. Mwaka 1994 madume wa Amboseli waliovuka kuja kwetu walipigwa risasi na wawindaji. Kule ng'ambo walikuwapo watu waliowajua tembo hao kwa majina, maana utafiti alioanzisha Cynthia Moss ulikuwa umewafuatilia tangu 1972. Wangeambiwa na meza yetu: poleni, hawakuwa riziki yenu. Hawakukubali. Walipiga kelele mpaka uwindaji wa tembo kwenye ukanda ule ukasimama kwa karibu miaka 30, hadi risasi zilipolia tena mwaka 2023. Unaweza kuwaona wana haki, au unaweza kuwaona wanaingilia yasiyowahusu. Mimi mwenyewe nina maswali yangu kuhusu hilo neno "tembo wetu". Lakini miaka hiyo yote ya kimya ilitokana na watu waliokataa kufarijiwa. Walidai kujua nani alitoa kibali, mpaka uko wapi, na kesho itakuwaje.

Hicho ndicho msemo wetu unachotunyima. Aliyekosa kazi haulizi tangazo lilikaa ubaoni siku ngapi. Aliyepokwa kiwanja haulizi kwa nini dalali aliwaahidi wawili. (Dalali wetu wa mezani, nakuona.) Kampuni ya uwindaji haiulizwi kwa nini magari mawili yalitumwa korongo moja bila mpangilio, wala kwa nini malipo ya traka yategemee mfuko wa mgeni aliyekasirika badala ya siku alizofuata nyayo. Kila swali linazimwa na neno moja linalosikika kama sala.

Tungemwambia nini, basi? Mimi nilimwambia hivi, na meza haikufurahi. Nilimwambia pole, hiyo inauma. Nilimwambia siku tisa zile zilikuwa kazi safi na kwamba kivuko alikipata yeye, si gari la pili; wenzake walipita tu pale alipokuwa ameshapajua. Nilimwambia yule mgeni wa pili hakumwibia kitu, na akikutana na traka wa gari lile amshike mkono, kwa maana msimu ujao ni zamu ya yule kuchelewa. Kisha nikamuuliza kuhusu tairi: nani alikuwa na zamu ya magari jioni ile?

Hapo ndipo aliponyanyua macho kwa mara ya kwanza. Alijua jina. Alijua pia kwamba pampu ya kambi ilikuwa imeharibika tangu wiki ya kwanza ya msimu na hakuna aliyeripoti, yeye akiwamo. Akasema hayo polepole, kisha akavuta bakuli, akaanza kula supu iliyokwisha kupoa.

Wa bodaboda hakuridhika. Alisema mzee nimezidi kuchambua mambo, kwamba kuna vitu mtu anaviachia Mungu. Nikamuuliza kama na breki za pikipiki yake anamwachia Mungu. Akacheka, akasema hizo anapeleka kwa fundi kila mwezi.

Ombi langu kwako msomaji ni dogo. Siku nyingine jirani yako akikosa, nyamaza kidogo, kisha muulize ilikuwaje. Kijana wangu amerudi kitaluni Jumatatu. Jana alinipigia simu mara moja, mtandao ukikatikakatika, kunijulisha kwamba pampu imetengenezwa, ila lile tairi bado halijazibwa.