Hodi Moja, Wageni Wangapi?

Simu ya bibi harusi siku hizi ndiyo sanduku lake: mna picha za hina, namba ya somo, ya mpaka piko, ya mawifi, na mahali pa sherehe ya wanawake. Kila programu mpya inabisha hodi, nasi tunabonyeza “Ruhusu” tukidhani tumemkaribisha mgeni mmoja.

Kwenye Android, programu za mtengenezaji mmoja zilizotiwa saini kwa ufunguo mmoja ziliwekewa njia ya kutumia kitambulisho kimoja. Ruhusa uliyoipa hii, na nyengine huipata. Google iliitangaza njia hiyo kuwa ya kuachwa mwaka 2019. Lakini taarifa zikishafika kwenye kompyuta za mwenye programu, simu yako haina tena la kuzuia.

Tazameni WhatsApp. Facebook ilipoinunua mwaka 2014 iliiambia Tume ya Ulaya kwamba haingeweza kuoanisha kwa uhakika akaunti za pande mbili. Agosti 2016 ikatangaza kuwa namba za simu za WhatsApp zitaunganishwa na Facebook, kwa ajili ya matangazo na mapendekezo ya marafiki. Mei 2017 Tume ikaitoza faini ya yuro milioni 110 kwa kutoa taarifa za kupotosha. Tuseme haki: ujumbe wenyewe umefungwa kwa siri, hawausomi. Namba yako ndiyo iliyotoka nyumba moja ikaingia nyengine.

“Sina cha kuficha,” atasema shoga yangu mmoja. Hiyo siikubali. Orodha ya namba si mali yako peke yako. Mama mkubwa hakuulizwa, wala somo. Ni amana. Suratun-Nur imetufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na asiyeruhusiwa hurudi. Mtengenezaji naye abishe hodi kwa kila programu kivyake, kwa Kiswahili kinachoeleweka, si kwa kurasa arubaini za kiwakili. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zitumike kwa lengo lililotajwa, basi litajwe.

Kwa sasa, bibi harusi, fungua mipangilio, sehemu ya ruhusa. Ondoa namba za watu kwenye programu zisizozihitaji. Kwenye picha chagua zile chache tu, si ghala zima. Na za usiku wa hina, mlipokuwa bila mitandio, zisipite kabisa kwenye programu za kurembesha sura.