Hodi Hodi: Bi Harusi wa Clairwood

Toleo lililopita tuliwapeleka Chatsworth, kwa wale ambao Durban nzima inawaita Wazanzibari, wazao wa watumwa walioachwa huru na kuletwa huku kuanzia mwaka 1873. Baadhi yenu mliuliza kama Kiswahili cha Durban kimebaki kwenye historia tu. Hapana, kipo, na safari hii tumekikuta Clairwood, kwa bi harusi wa miezi minne.

Kwa anayeisoma safu hii kwa mara ya kwanza: sisi ni wanachama wawili wa chama, tuko Durban kwa muhula mmoja wa masomo, na kazi tuliyopewa ni kupiga hodi kwa watu wanaoishi na Kiswahili mbali na kwao.

Clairwood iko kusini ya jiji, karibu na bandari. Zamani palikuwa mahali pa Wahindi waliolima mboga na kuziuza mjini, na hekalu lao la Kitamil lipo hadi leo. Siku hizi wenye mji ni malori. Uwanja wa mbio za farasi umegeuzwa maghala. Katikati ya gereji na yadi za makontena zimebaki nyumba za watu, na nyuma ya nyumba hizo kuna vyumba vya kupangisha. Kimoja ndicho cha bi harusi wetu na mumewe.

Tumekubaliana naye tusimtaje jina. Yeye ni wa Bukavu, mumewe ni wa Uvira, na wamekutana hapahapa Durban. Mume ni fundi wa matairi ya malori. Mke huamka saa kumi alfajiri kwenda soko kuu la mboga na matunda la Clairwood, akanunua maboksi ya nyanya na vitunguu, kisha akauza kwa mafungu kando ya barabara. Saa nane mchana tulipofika alikuwa amerudi, ameoga, na sombe iko jikoni.

"Karibuni, mukae," alituambia. Kiti kilikuwa kimoja, tukakaa kitandani.

Hapo hapo tukaharibu. Tulikuwa tumembebea zawadi kutoka nyumbani: pakiti mbili za majani ya chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akaishukuru, akacheka mpaka akashika ubavu. "Hii nitamupa mama mwenye nyumba," alisema. "Sisi hatunywi chai, wadogo zangu." Badala yake alitupikia rooibos, majani mekundu ya Afrika Kusini, ambayo licha ya jina lake mezani si majani ya chai. Katazo hilo lina umri: linatokana na mafundisho ya mwaka 1833 ambayo waumini wenzake wanayaita Neno la Hekima. Chai, kahawa, pombe na tumbaku vyote haviruhusiwi.

Dini yake ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi tunawajua kama Wamormoni, ingawa mwaka 2018 kiongozi wao wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliwaomba watu watumie jina kamili. Yeye hakasiriki akiitwa Mmormoni. Kinachomchosha ni swali la majirani, kama mumewe ataongeza mke wa pili. Kanisa lilitangaza kuacha mitala mwaka 1890, na siku hizi muumini anayeoa mke wa pili hufukuzwa. "Ninawaambia, huyu bwana hata mimi mmoja kodi inamushinda."

Wiki yao tuliieleza hivi katika daftari letu. Jumapili ni ibada ya saa mbili. Askofu wao halipwi mshahara. Ni mtu wa kazi zake kama wengine. Jumatatu jioni ni jioni ya familia, na kwa kuwa familia ni wawili tu, mmoja anasoma Kitabu cha Mormoni, mwingine anauliza maswali, kisha wanacheza dama. Nakala yao ni ya Kiswahili, tafsiri iliyotoka mwaka 2000, na alituonyesha pembeni mwa kurasa maneno aliyoyapigia mstari kwa sababu, kama alivyosema, "hiki ni Kiswahili cha kwenu, si cha Bukavu." Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga milo miwili na kutoa thamani ya chakula hicho kwa wenye shida. Kila Ijumaa anafungua daftari la nyanya, anahesabu faida, na sehemu moja ya kumi inaingia kwenye bahasha ya zaka kabla ya kodi ya chumba. Tulimuuliza kama kuna wiki bahasha ilimuuma. Akasema kila wiki.

Sasa tuje kwenye ndoa yenyewe, maana ndiyo iliyotupeleka huko.

Walioana kiserikali miezi minne iliyopita, wakala wali na kuku uani, na simu ikasimamishwa juu ya ndoo ili mama yake aliye Bukavu aone. Bukavu imo mikononi mwa M23 tangu Februari 2025, na mama hakuwa na njia ya kuja. Kabla ya hapo palikuwa na shauri la mahari. Baba mdogo alitaka ng'ombe kwa hesabu ya zamani. Kijana naye alikuwa amesoma katika jarida la kanisa, Liahona, la mwaka 2012, mawaidha ya Dallin H. Oaks, wakati huo mmoja wa mitume wao, kwa waumini wa sehemu hii ya Afrika: kwamba mahari kubwa inawachelewesha vijana kuoa, na desturi hiyo iachwe. Baba mdogo aliposomewa aliuliza huyo mzee ana mabinti wangapi Bukavu. Mwishoni bi harusi mwenyewe ndiye aliyeamua: fedha za mbuzi wawili zilitumwa. "Kanisa lisikasirike, na ukoo usikasirike. Mbuzi si bei. Mbuzi ni salamu."

Lakini kwa imani yao ndoa ya kiserikali haijamaliza kazi. Ndoa ile hukoma mmoja akifa. Inayobaki milele ni ile ya hekaluni, ambako mume na mke huunganishwa, na watoto wakaunganishwa nao. Johannesburg wana hekalu tangu 1985. Huko ndiko Mkenya Joseph Sitati, ambaye baadaye alipanda ngazi za juu za uongozi wa kanisa hilo, alikokwenda na mkewe Gladys na watoto wao mwaka 1991, kwa kuwa Afrika Mashariki haikuwa na hekalu. La Nairobi limewekwa wakfu Mei 2025 tu. La Durban liko Umhlanga, kaskazini ya jiji, na liliwekwa wakfu tarehe 16 Februari 2020. Kutoka Clairwood ni teksi mbili. Tarehe ya bi harusi wetu ni Jumamosi moja ya mwezi ujao.

Haingii kila mtu. Muumini lazima awe na kibali, na kibali hutolewa baada ya mahojiano na askofu, halafu na rais wa kigingi. Asiye muumini haingii kabisa, hata kama ni mzazi. Mama yake ni Mkatoliki wa Misa ya alfajiri. Hata kama vita vingekwisha leo na ndege ikamleta, angebaki bustanini.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika nchi nyingi, waliotangulia ndoa ya kiserikali walisubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa, hivyo wengi walikwenda hekaluni moja kwa moja na wazazi wa dini nyingine wasione kitu. Sharti hilo la mwaka liliondolewa Mei 2019. Kwa hiyo bi harusi wetu aliweza kumpa mama harusi ya uani, na bado akapata tarehe ya hekalu mapema. Alidhani amelimaliza jambo. Mama alimsikiliza kwenye simu, akanyamaza, kisha akauliza: "Kama ndoa ni ile niliyoiona, hii ya pili ni ya nini? Na kama ni hii ya pili, mimi niliona nini?"

Hajapata jibu. Tulimwuliza kama askofu amempa. Askofu alimwambia ampende mama yake. "Hilo nilikuwa ninalijua."

Sisi watu wa chama cha Kiswahili tulirudi tukilifikiria neno moja. Tunasema kufunga ndoa. Tunasema kufunga, tukiwa na maana ya saumu. Tunasema kufunga mlango. Dada huyu anayafanya yote matatu ndani ya mwezi mmoja. Mlango hata hivyo si yeye aliyeufunga, na nadhani ndiyo maana swali la mama linamkalia usiku.

Lilikuwepo swali letu pia, na tulilisogeza polepole kwa sababu tulikuwa tunakula sombe yake. Hadi Juni 1978 kanisa hili lilikataza wanaume weusi kupewa ukuhani, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, kupata ibada hizo za hekaluni. Anajua? Anajua. Alisoma kabla ya kubatizwa, akakaa miezi mitatu bila kurudi. Kilichomrudisha ni habari za Moses Mahlangu wa Soweto, aliyekipata Kitabu cha Mormoni miaka ya 1960 na kuamini, akaambiwa asubiri. Inasimuliwa kwamba yeye na wenzake walikaa nje ya kanisa wakisikiliza ibada kupitia dirishani. Alibatizwa mwaka 1980.

Mmoja wetu alisema wazi kwamba yeye asingesubiri. Angekwenda kanisa jingine, na yapo mengi. Bi harusi hakubisha. "Mimi pia sijui kama ningengoja. Lakini yeye alingoja, na mimi nimeingia kwa mlango wake. Sasa niutoke kwa ajili ya nani?" Kisha akaongeza, akiangalia sufuria: "Ila nikifikiri dirisha, ninamuona mama."

Liko jambo jingine ambalo hatukulijua kabla ya kwenda. Waumini hawa hutafuta majina ya mababu zao waliokufa na kubatizwa kwa niaba yao hekaluni. Wanaamini marehemu huko aliko ana hiari ya kukubali au kukataa. Kwa hiyo tangu arusi, kila mama anapopata intaneti, binti humwomba majina. Mama anatuma sauti. Tulisikilizishwa moja: majina ya mabibi wa mabibi, nani alizaa na nani, nani alihama kutoka Kabare, nani alikufa kwa ndui, sauti imejaa furaha ya mtu anayeulizwa anachokijua. Daftari la majina limekaa juu ya daftari la nyanya.

Kanisa lina kanuni katika hilo. Ikiwa marehemu alizaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, lazima ndugu wa karibu aliye hai atoe idhini. Bibi mzaa mama anaangukia humo, na mwenye idhini ni mama. Binti aliomba. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, fupi: "Huyo umuache. Alizikwa na rozari yake. Na mimi vilevile, nikifa, uulize kwanza."

Alituonyesha ukurasa. Majina tisa yameandikwa kwa kalamu ya bluu, na mstari wa bibi ni mtupu. Tulitegemea kuona huzuni, naye alikuwa anatabasamu kidogo. "Nimefurahi ameniambia hapana," alisema. "Kule kwangu hawezi kuingia. Hapa na mimi siwezi kuingia bila yeye."

Matumaini yake mengine aliyataja tukiwa tumesimama tayari kuondoka, kama mtu anayekumbuka vitu vya kununua. Kibali cha ukimbizi kirefushwe bila kulala foleni. Meza ya nyanya ipate paa. Asome kwa intaneti kupitia mpango wa kanisa lake uitwao BYU-Pathway, maana Bukavu aliacha masomo mwaka wa mwisho. Apate mtoto, na kama ni wa kike apewe jina la bibi yule yule wa mstari mtupu. Kwa hilo, alisema, idhini ya mama ameshaipata.

Alitusindikiza hadi kituo cha teksi, malori yakipita kila upande hata tukawa tunapiga kelele kuagana. Jumamosi ile, kabla ya kuzima simu na kuingia, atampigia mama kutoka bustanini. Tulimuuliza atamwambia nini. Alisema hatasema kitu. Ataizungusha simu tu, mama aone maua.

Majani ya chai tumesikia yamefika kwa mama mwenye nyumba, na ametuma shukrani.

Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutapiga hodi bandarini. Mwenye ndugu Durban atuandikie kupitia kwa katibu wa chama. Tutakwenda bila majani ya chai.