Mikono ya Bibi Harusi Anayetoka Kiwandani



Msimu wa harusi ukifika, wageni kutoka Ulaya nao hufika, na siku hizi mara nyingi mgeni mwenyewe ndiye bibi harusi. Anakuja zikiwa zimebaki siku chache, anakabidhiwa kwa somo wake, na siku ya kwanza tu ya singo maneno yanaanza. Mbona mikono imepasuka hivi? Mbona miguu ina magamba? Huyu huko alikokaa hajitunzi? Leo tunataka kulijibu hilo neno "hajitunzi", maana linaumiza na mara nyingi si kweli.

Hapa kwetu Unguja na Pemba hewa ina maji. Unyevu wake kwa kawaida huwa baina ya asilimia 70 na 80 na kitu. Ndiyo maana chumvi inashikana mkebeni na mabuibui yanaota ukungu kabatini. Ngozi iliyokulia humu haijui kiu. Sasa mchukue msichana huyo umpeleke kwenye kiwanda cha betri za lithiamu, hizi za magari ya umeme. Viwanda hivi vimejaa China, Korea Kusini na Japani, na sasa vipo Ulaya pia, Poland, Hungary na Uingereza kwenyewe. Lithiamu haipatani na maji, hata mvuke mdogo unaiharibu betri. Kwa hiyo sehemu ya kazi hufanyiwa katika vyumba vikavu ambamo mashine hufyonza unyevu wa hewa mpaka unabaki chini ya asilimia 1. Jangwa la Sahara lenyewe lina unyevu kuliko humo.

Idadi ya watu wanaoingia huhesabiwa, kwa sababu pumzi na jasho la kila mmoja ni maji yanayoongezeka ndani. Yaani mwili wa mfanyakazi unachukuliwa kuwa ndio unaochafua hewa. Na katika vyumba vingi vya aina hii, pamoja na vile vya kutengenezea vifaa vya elektroniki, huingii na poda, wanja wala mafuta yoyote uliyojichagulia. Halafu dada huyu akirudi nyumbani tunamuuliza kwa nini hajipaki!

Ngozi ya juu kabisa inahitaji maji kidogo ndani yake ili ibaki laini. Hewa ikiwa kavu, maji hayo yanatoka bila mtu kuhisi jasho. Mwanzo ni muwasho usoni, shingoni, mikononi na kwenye miundi, na pengine hata kipele hakionekani. Baadaye ngozi inakuwa kama karatasi, inapasuka, na sabuni au dawa ya kiwandani ikipita kwenye ufa huo inachoma. Madaktari wa ngozi wa Uingereza waliandika habari za maradhi haya ya ukavu kazini tangu 1980, kwa hiyo hakuna mwajiri anayeweza kusema ni jambo geni. Dalili yake moja ni rahisi: ukichukua likizo unapoa, ukirudi kazini unawashwa tena.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema "jipake mafuta, mshukuru Mungu una kazi." Kushukuru tunashukuru. Lakini ukavu ule umewekwa kwa makusudi ili bidhaa isiharibike, basi na ngozi ya anayeitengeneza iwekewe utaratibu. Wafanyakazi wapate mapumziko nje ya chumba kikavu, wapokezane zamu, wawekewe krimu iliyokubaliwa na kiwanda, na wapewe glavu za pamba za kuvaa chini ya zile za mpira. Uingereza ina sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974 inayomtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi kadiri inavyowezekana. Dada, ukianza kuwashwa, andika tarehe, mweleze msimamizi kwa maandishi, na muone daktari umtajie kazi yako. Usipoitaja atakupa dawa ya ukurutu na kukurudisha kulekule.

Na udhu je? Maji yenyewe yakikauka juu ya ngozi huizidishia ukavu, na sabuni kila mara ni mbaya zaidi. Tia udhu kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, jifute kwa kugusagusa, kisha jipake papo hapo ngozi ikiwa bado na umande. Mafuta ya nazi yanafaa. Kwa mikono iliyokauka sana vaselini huzuia maji zaidi, ingawa haina harufu ya nyumbani. Ikiwa nyufa zimefika hadi maji yanadhuru, dini yetu ina ruhusa ya tayamamu kwa mgonjwa. Muulize shekhe wako baada ya kumsikia daktari, usijihukumie mwenyewe.

Tunarudi kwa masomo, maana nyinyi ndio mnaoshika mikono hii. Singo ni la ngozi nzima. Kulisugua juu ya ngozi iliyopasuka, hata liwe na mawaridi, asumini na mlangilangi wa namna gani, ni kuikwangua kinga kidogo iliyobaki. Mpe wiki mbili za mafuta tu kwanza, na mama mkwe aambiwe mapema sababu yake. Hina ya majani ingoje nyufa zifunge. Piko liacheni kabisa. Lile jeusi mara nyingi lina PPD, dawa ya kutilia rangi nywele ambayo Ulaya hairuhusiwi kupakwa ngozini, na kwenye ngozi iliyo wazi linaweza kumtoa malengelenge bibi harusi siku ya kupelekwa kwa mumewe.