NJIA ZA BAISKELI ZA KILEO ZIWAFAE KWANZA WENYEJI

Umeenea duniani mchezo wa kuendesha baiskeli katika barabara za changarawe na vumbi, mbali na lami na kishindo cha malori. Mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) lilifanya mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa mchezo huo huko Italia. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuanza, kwani mbio za Migration Gravel Race zilifanyika kwa mara ya kwanza katika nchi ya Mara mwaka 2021. Tena Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Bara la Afrika kupata heshima hiyo.

Msomaji aweza kuuliza: haya yanahusu nini Kileo, kata ya wakulima katika Wilaya ya Mwanga? Yanahusu sana. Wageni waendao kwa baiskeli kutoka Kilimanjaro kwenda Upare na Usambara huitafuta nchi ya namna hii hasa. Hapa pana tambarare chini ya milima ya Upare ya Kaskazini. Pana Mto Ruvu utokao Ziwa Jipe, ambao si ule Ruvu wa Mkoa wa Pwani. Pana migunga, mibuyu na mikuyu. Na upande wa Kahe pana misitu inayoishi kwa maji ya chini ya ardhi. Mtu akiufuata mto kwenda chini hufika Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali Ruvu na Kikuletwa zinapokutana, nalo ndilo linalouanzisha Mto Pangani katika safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Nchi hii haihitaji kupambwa ili ipendeze.

Lakini kabla ya kufurahia wageni, yatupasa tukumbuke jambo moja. Kile ambacho mgeni hukiita njia ya mchezo, mwenyeji hukiita njia ya shamba. Kwa baiskeli ya gurudumu kubwa, isiyo na gia, mkulima hupeleka mkungu wa ndizi sokoni, mvuvi hupakia samaki wa bwawani, na baba humbeba mtoto mgonjwa hadi zahanati. Barabara ya mchanga ambayo kwa mmoja ni burudani ya asubuhi moja, kwa mwingine ni mshipa wa maisha mwaka mzima. Kwa hiyo sisi twasema wazi: njia hizi zitengenezwe, zichorwe katika ramani na zitangazwe, ila zipimwe kwanza kwa haja ya mwenyeji.

Tena haja hizo mbili hazipingani. Tazameni baiskeli zenyewe. Ya mgeni ina gia nyingi, breki za diski, na matairi mapana ya milimita 40 au zaidi, ambayo mara nyingi hayana mpira wa ndani bali hutiwa dawa ya majimaji inayoziba tundu lenyewe. Ya mkulima ina keria ya chuma, na mwiba mmoja wa mgunga watosha kumshusha na kumtafutisha fundi wa viraka. Hata hivyo vyombo vyote viwili hushindwa na vitu vilevile: mchanga mwingi, tope jeusi linalonata wakati wa masika, na korongo lililokatwa na maji katikati ya barabara. Atakayemwondolea mmoja taabu hizo amemwondolea na wa pili.

Wako watakaosema kwamba baiskeli ni chombo cha maskini, na kwamba wananchi wanataka lami, hawataki vijia. Hatuwalaumu. Kudai lami ni haki, na barabara kuu ya kutoka Moshi kwenda Same na Korogwe imekuwa na faida kubwa kwa wilaya hizi. Lakini barabara hiyo hiyo, kwa mabasi na malori yake yaendayo kasi, si mahali pa kumpeleka mtoto wa shule kwa baiskeli. Njia ya pembeni, hata ikiwa ya changarawe, humlinda. Na kilometa moja ya lami hugharimu fedha nyingi, ilhali kalvati moja lililowekwa mahali pake, mfereji uliochimbwa vizuri kando, na mgongo wa barabara ulioinuliwa ili maji yateremke pande zote mbili, ni kazi iliyo karibu na uwezo wa kata na halmashauri. Wakala wa Barabara za Mijini na Vijijini, TARURA, ulianzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za namna hii. Twauomba uzihesabu njia za baiskeli za tambarare ya Ruvu miongoni mwa kazi zake, wala usizione kuwa ni za kuchezea.

Hata hivyo kutengeneza njia si kuleta greda na kufagia kila kilichosimama. Hapa ndipo hatari ilipo. Njia iliyopanuliwa pasipo mpango humkaribisha mchoma mkaa kwa lori lake; na mgunga uliochukua miaka mingi kukua huisha kwa magunia machache. Changarawe nayo ikichotwa ovyo katika kingo za mto, mto huacha njia yake na kuvamia mashamba, na mifereji ya umwagiliaji hujaa mchanga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Basi njia ya baiskeli ikae nje ya mpaka huo, ipite kivulini pasipo kukata kivuli, na ivuke mto mahali pachache penye daraja la kweli. Tusisahau pia kwamba katika maji hayo mna mamba, na kwamba tembo watokao hifadhi za Mkomazi na Tsavo huzunguka upande wa Jipe na kuingia mashambani. Mgeni aambiwe asisafiri usiku, wala asithubutu kuvuka maji asiyoyajua.

Sasa tuje kwenye fedha, kwani hapo ndipo mambo mema mengi huharibika. Mgeni hulipa nauli na ada zake mjini, kwa kampuni inayomwongoza. Kijiji anachokipita hupata vumbi na salamu. Jambo hilo si haki. Lakini vilevile si haki kuweka kizuizi njiani na kutoza kila apitaye bila stakabadhi. Wapare wanaijua vyema habari ya tozo isiyoridhiwa. Mwaka 1945 maelfu yao walitembea kwa miguu, wakashuka milimani hadi Same, kuipinga kodi ya mbiru waliyotwishwa bila ridhaa yao, na hatimaye kodi hiyo ikafutwa. Fundisho lake halijachakaa: watu hukubali kutoa pale wanapoulizwa kwanza na wanapoona kilichofanywa kwa walichotoa.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kwanza, njia zote zipitazo katika ardhi ya kijiji zijadiliwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, wenyeji wakiwapo, wakulima na wafugaji, wake kwa waume. Na njia isiyokubaliwa hapo isitangazwe kwa wageni. Pili, ikiwapo ada, iwe moja, ijulikane, itolewe stakabadhi, na hesabu yake ibandikwe ofisini mwa kijiji. Na sehemu yake iwekwe kwa ajili ya makalvati na madaraja ya miguu. Tatu, vijana wafundishwe ufundi wa baiskeli za namna zote mbili, ili gurudumu likipinda Kileo lisisubiri fundi kutoka Moshi. Nne, wakati wa masika njia za tope zifungwe kwa wageni, kwani gurudumu moja katika udongo mbichi huacha mfereji, na mvua ifuatayo hugeuza mfereji ule kuwa korongo. Mkulima hana hiari ya kutopita, mgeni anayo.

Tano, na hili twalitia mkazo, wasichana na wanawake wapande baiskeli. Bado wapo wazee wanaonung'unika wamwonapo binti juu ya baiskeli, ilhali hawanung'uniki wamwonapo mama yake na ndoo ya maji kichwani au mzigo wa kuni mgongoni. Heshima gani hiyo inayokiona chombo kuwa ni aibu na mateso kuwa ni adabu? Binti aliye mbali na shule, akipewa baiskeli na njia salama, hufika darasani akiwa na nguvu ya kujifunza, naye hurudi nyumbani kabla ya giza. Ikiwa njia hizi hazitamfaa huyo, basi hata wakija wageni elfu hatuna la kujivunia.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apishe. Wala hawakuacha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Halmashauri ya Mwanga na jirani zao wa Same wana nafasi ya kuanza sasa, wakati njia bado ni za vumbi, miti bado imesimama, na wageni bado ni wachache kiasi cha kuweza kuongozwa. Tukingoja mpaka wawe wengi, sheria zitatungwa na wenye haraka, na mwenyeji ataitwa kutia sahihi tu.

Twawahimiza viongozi wa vijiji vya Kileo wasingoje barua kutoka juu. Waitishe mkutano, watembee njia zao kutoka mwanzo hadi mwisho pamoja na mtaalamu wa barabara na mtaalamu wa misitu, wahesabu mahali maji yanapokata, wahesabu na miti isiyofaa kuguswa, kisha waandike wanachotaka. Karatasi hiyo moja itakuwa na uzito kuliko hotuba nyingi, maana itakuwa imetoka kwa watu wanaozijua njia hizo kwa magurudumu yao wenyewe.